Ratiba ya Kuachana

214 Mtaa wa Bowen, Ghorofa ya Tatu,
Fall River, Massachusetts.

Jumapili, 18 Novemba 2012

Mpendwa Shangazi Idalina,

Naomba baraka yako kwanza, kabla sijasema lolote. Goti linasemaje? Mama aliniambia kwamba siku ya Watakatifu Wote ulipanda ngazi za kanisa bila mkongojo, nami nikashangilia peke yangu jikoni mpaka supu ikafurika. Je, mvua za huko kwenu Povoação zimeshaanza? Na kuku wa jirani yako Deodato bado wanachimbua viazi vyako, au mmepatana?

Huku sote hatujambo. Baba kikohozi kimemwachia, na amerudi kubishana na redio. Mama ameanza kukusanya soseji kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani Alhamisi ijayo. Anasema bata mzinga mtupu ni chakula cha watu waliolelewa bila mama.

Sasa ngoja nikae vizuri, maana kwa furaha hata mwandiko umeniharibikia. Shangazi, Umoja wetu wa michezo ya vyuo haukuvunjika!

Najua ulisikia vipande vipande kwenye simu, na mama akisimulia habari za michezo huchanganya mpaka refa anaonekana ndiye askofu. Nitakueleza tangu mwanzo.

Wewe uliwapikia wanafunzi wa Chuo cha Mtakatifu Kolumba miaka ishirini na minane kabla hujarudi Povoação, kwa hiyo Umoja unaujua kuliko mimi. Vyuo kumi, sita vyenye futiboli ya Kimarekani na vinne visivyo nayo, na vyote kumi hukutana kwenye mpira wa kikapu, wavu, riadha, kuogelea na mengine yote. Ulikuwa ukisema kwamba mchezo ambao mpira unashikwa mkononi saa tatu nzima na watu waliovaa kofia ngumu hauna haki ya kuitwa wa miguu. Lakini ndio huo televisheni inaoupenda. Tangu kiangazi wakuu wa vile vyuo sita walikuwa wamechoka kukaa meza moja na sisi tusioucheza. Walitaka kuleta vyuo vikuu vinne vya futiboli kutoka mbali, Ohio, Tennessee, Louisiana na Florida, na sisi wanne tufungashe virago ifikapo Juni mwakani. Hoja ilihitaji kura sita. Nao walikuwa sita.

Kilichoniuma mimi ni mdogo wangu Délia. Padri Deely, mkuu wa Kolumba, aliwaita waogeleaji wote mwezi wa tisa akawaambia ukweli: bila Umoja hakuna chuo cha karibu cha kushindana nacho, na timu itavunjwa. Unajua Délia alipataje ufadhili wa masomo pale. Ni kule kuogelea kwake kwa mgongo, si kitu kingine. Timu ikivunjwa na masomo yamekatika, na ndiyo kwanza yuko mwaka wa pili. Hakulia. Alikuja nyumbani, akafua taulo zake zote, akazikunja akaziweka kabatini kama mali ya mtu aliyehama. Siku hizo nilikuwa nikipita mbele ya kabati lile huku nimeangalia ukuta.

Mimi, kama unavyojua, niko ofisi ya Umoja mjini Providence tangu mwaka jana, natengeneza ratiba. Ile shahada ya hesabu ambayo baba aliamini itanifanya mwalimu inatumika kuhakikisha kwamba wapiga mbizi na wapiga besiboli hawagombanii basi moja. Siri ya kazi yangu ni wenzi wa safari. Kila chuo kina mwenzi aliye jirani. Mwenzi wa Kolumba ni Chuo Kikuu cha Marden, maili kumi na mbili tu. Timu ikitoka mbali inacheza Marden Alhamisi, inalala, inacheza kwetu Jumamosi, inarudi kwao. Safari moja, michezo miwili. Marden wana uwanja wa futiboli wa watu elfu thelathini na sisi hatuna hata nguzo, lakini kwenye ratiba yangu tuko sawa kama jozi ya viatu.

Basi mwezi uliopita akaja mezani kwangu Bi. Lorraine Pasternak, katibu mkuu wetu, akiwa na kikombe chake cha kahawa.

"Ivone, wakuu wanataka waione ratiba ya Umoja mpya kabla ya kura. Wale kumi wa futiboli. Michezo yote, si futiboli peke yake."

"Niitengeneze mimi?"

"Kuna Ivone mwingine humu?" Kisha akashusha sauti. "Najua mdogo wako anaogelea. Sema neno, nitampa mtu mwingine."

Sikusema neno. Nilikaa siku mbili nikizozana na nafsi yangu, Shangazi, na nitakukiri wewe kabla ya padri. Nilijua naweza kuiharibu. Si sana. Safari moja niiweke wiki ya mitihani, nyingine niizungushe mara mbili, na hakuna mtu duniani ambaye angegundua. Nilikuwa nimeshaifungua karatasi. Kisha nikajiuliza: Délia akiokoka kwa njia hiyo, nitamwambia nini? Nitakuwa nimempa zawadi ambayo siku zote lazima niifiche. Na hapohapo nikajishuku tena: napenda haki kweli, au napenda tu kujiona mwenye haki? Swali hilo sijalijibu mpaka leo. Lakini kazi nikaifanya. Niliamua kuwatengenezea ratiba nzuri kuliko zote, ratiba ya kuachana ambayo mtu angeiona akasema, kumbe inawezekana.

Wiki tatu. Niliunganisha safari, nikahamisha siku, nikaomba saa za ndege. Futiboli ilikaa vizuri ajabu: mchezo mmoja kwa wiki, Jumamosi, kwenda na kurudi. Ila futiboli ni mchezo mmoja, na Umoja una kumi na nane. Mwenzi mpya wa safari wa Marden akawa Ohio, saa kumi na tatu kwa basi. Kila nikiziba tundu huku, linafumuka kule. Nilitaka kufurahi, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimeipania kweli.

Mkutano ulikuwa Alhamisi hii iliyopita, katika ukumbi wa hoteli pale Providence. Kila mkuu alikuja na kocha mmoja. Niligawa karatasi nikasimama ukutani. Wakaanza kupekua kurasa. Wa kwanza kusema alikuwa Dakta Tolliver, mkuu wa Chuo Kikuu cha Ashgrove, ambaye ndiye aliyeleta hoja.

"Nani katengeneza hii?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Na ulisoma wapi, binti?"

"Mtakatifu Kolumba."

Akapiga meza kwa kicheko. "Jamani! Fisi kapewa bucha!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Padri Deely akaviangalia viatu vyake. Unanijua, Shangazi, mimi ni mtu wa kujibu kesho yake, nikiwa peke yangu. Lakini siku ile mdomo ulinitangulia. Nilienda mpaka mezani kwake nikaweka penseli.

"Basi isogeze, mheshimiwa. Safari moja tu."

Akaichukua! Akaitoa safari ya waogeleaji wa Marden kwenda Louisiana, akaipeleka Januari. Nyuma yake alikuwa Kocha Gretchen Wirth wa waogeleaji wa Marden, mwanamke mrefu anayevaa filimbi shingoni hata juu ya gauni. Akainama.

"Hapo wasichana wangu umewaweka Florida na Louisiana siku moja, mzee. Wajigawe nusu kwa nusu?"

Tolliver akafuta, akaipeleka Desemba.

"Desemba mitihani."

Akafuta tena. Mwenzake wa kando akamnyang'anya penseli: "Lete hapa, wewe hujui." Ndani ya nusu saa, Shangazi, wakuu sita wa vyuo vikuu walikuwa wamevua makoti wamelalia meza moja, wakisukumana viwiko. "Toa mkono wako!" "Ohio haikai hapo, hapo nimeshaweka mpira wa wavu!" Mmoja alifuta kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Mimi nilikuwa nazunguka na boksi la penseli. Bi. Lorraine alikunywa kahawa yake polepole, kama mtu aliyelipia kiti cha mbele.

"Mei je?" mmoja akaniuliza, jasho likimtoka.

"Nilijaribu, mheshimiwa. Besiboli wanakosa mahafali yao wenyewe."

Njia zote walizopita nilikuwa nimezipita kabla yao. Nilizijua kama ngazi za nyumba yetu.

Hapo Kocha Wirth akamgeukia mkuu wake, Dakta Haskell Brandt wa Marden, mtu mnene mwenye tai nyekundu. "Dakta, nusu ya wasichana wangu wanasoma uuguzi. Hapa watakosa siku thelathini na tisa za masomo. Nani atawafundisha kutafuta mshipa, rubani?"

Watu wakacheka. Brandt hakucheka. Alinitazama mimi.

"Binti, hii ndiyo bora uliyoiweza?"

"Ndiyo, Dakta."

"Kweli?"

"Nilitamani sana iwe mbaya," nikamwambia, na sijui maneno hayo yalitoka wapi. "Nikafanya juu chini iwe nzuri. Ndiyo hiyo."

Aliigeuza karatasi kifudifudi. Tolliver akaona. "Haskell, usianze. Tuko sita."

"Najua kuhesabu, Tolliver."

Bi. Lorraine akaita kura. Kwetu kura hupigwa kwa kunyoosha mkono, na kazi ya kuhesabu ni yangu. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Tolliver, juu kama bendera. Wa pili, wa tatu. Wa nne na wa tano pamoja. Nilihesabu kwa macho, nikahesabu tena kwa kidole kama mtoto. Tano! Mikono ya Brandt ilikuwa mezani, mmoja juu ya mwingine.

"Haskell," Tolliver akasema. "Mkono."

"Mkono uko hapa. Umekaa vizuri."

Shangazi, kelele iliyofuata siwezi kuiandika kwenye barua inayokwenda kwa mtu mwenye goti bovu. Walibishana mpaka alasiri, na mwisho wakaandikiana mapatano: Umoja unabaki ulivyo, vyuo kumi, na hakuna wa kuondoka wala kuondolewa kabla ya Juni 2015. Padri Deely alimkumbatia Brandt mpaka ile tai ikapinda. Mimi nilitoka koridoni nikaruka, kwa viatu vya ofisi, mbele ya mhudumu aliyekuwa amebeba sinia la vikombe. Akaniambia, "Hongera, dada, sijui ya nini."

Nikampigia Délia. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka majini, namsikia anahema. Nilimwambia, nami nikangoja alie. Akauliza tu, "Kwa hiyo mwakani Marden tunakutana nao tena?"

"Mnakutana nao."

"Yule msichana wao wa mgongo alinishinda kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nimeshamsamehe, kwa sababu tunakufa. Sasa simsamehe!"

Ofisini wanasema tumesogeza siku tu, kwamba televisheni haichoki na Tolliver atarudi na hoja ileile. Huenda ni kweli. Tangu Alhamisi hajanijibu salamu, na Ijumaa asubuhi nilianza kupanga ratiba ya mwakani nikijua kwamba siku moja mtu atakuja kuipasua. Naliwaza hilo sana, unajua nilivyo. Lakini mapatano yanakwisha Juni 2015, Shangazi, na Délia anamaliza Mei ya mwaka huohuo.

Nisalimie binamu Eduína na wanawe, Mjomba Hermano na mkewe Zulmira, na wote wanaoketi nawe benchi la pili kanisani. Baba na mama wanakukumbatia, na Délia anakubusu kwa nywele mbichi. Roho Mtakatifu akae nyumbani mwako, akulinde wewe na bustani yako, na akupe miguu ya kupandia kila ngazi unayoitaka.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, mwenye furaha isiyotosha bahasha,

Ivone