Kura ya Goti la Kushoto

Likasi, Shituru, Jumapili tarehe 12 Juni 1983

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Clotilde,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, Shemeji Symphorien na watoto. Je, homa ya yule mdogo imepungua? Mama ameota mara mbili kwamba unakohoa, kwa hiyo jibu upesi, la sivyo atapanda gari moshi hadi Kolwezi na kuku wake mkononi. Sisi tu wazima. Baba yuko zamu ya asubuhi kiwandani, na baridi ya Juni imetushika. Jioni tunazunguka makaa kama paka.

Uliuliza kwa nini wakati wa Pasaka nilikuandikia mistari michache tu. Sikutaka ulie ukiwa mbali. Mwezi wa pili tulicheza basketi kwenye uwanja wa parokia kule Kikula, walimu dhidi ya wauguzi. Niliruka, nikashuka vibaya, na goti la kushoto likalia ndani kama kijiti kikavu. Uvimbe ulipokwisha nilidhani nimepona, lakini kila nilipogeuka mbele ya ubao goti lilinitoroka, nikadaka dawati la mtoto. Hospitalini waliniambia kwamba kamba moja ya ndani, ile inayoufunga mfupa wa paja na ule wa mguu, imekatika.

Hofu yangu haikuwa basketi. Wazazi wa Firmin walikuwa wamesema watakuja kuniona kabla ya ndoa. Unawajua: Wakasai wa zamani, waliokuja na uandikishaji wa migodi. Kwao, kama kwetu, msichana huangaliwa kwanza anavyopiga magoti kuwatolea wageni maji. Asiyepiga magoti ana kiburi, na mwenye kiburi haolewi.

Ndipo akaja profesa kutoka Lubumbashi, Docteur Mwilambwe. Alitukusanya sisi wenye magoti ya namna hiyo, akatuambia wazi kwamba waganga wengine hukata na kushona ile kamba, wengine huiacha na kulitia paja nguvu kwa mazoezi, kila mmoja anaapa kwa njia yake, na kwa kweli hakuna anayejua ipi inashinda. Alitaka kujua. Atakayekubali atagawiwa njia kwa kura; atakayekataa atatibiwa kama kawaida; na aliyeingia anaweza kutoka siku yoyote. Nilimpenda mtu yule kwa neno moja: sijui.

Nyumbani nilieleza kwamba watajaribu njia mbili. Mama alisikia neno moja tu. Alipiga makofi, akalia kwamba kila siku tunamwomba Mungu asitutie katika majaribu, “na mutoto yangu anaenda mwenyewe, kwa miguu, tena na muguu mubovu!” Baba alimwaga chai kwa kucheka. Alisema sala ile inamtaja shetani, haitaji Lubumbashi. Mama akamuuliza kama amekwisha kuiona Lubumbashi siku ya Jumamosi.

Nilikwenda hata hivyo. Kwenye benchi la hospitali nilikaa karibu na Zéphirin, mpasua mawe wa Kakontwe na golikipa wa huko. Aliniambia, “Mademoiselle, minye na weye tuko simbilisi ya docteur,” vijinyama vile vya kujaribia dawa, ila simbilisi wa nyuma ya jiko la mama yake, akasema, wanapata majani kila asubuhi. Tulipewa bahasha, tukafungua. Yeye alipata kisu. Mimi nilipata mazoezi. Na Mama yuleyule, aliyenikataza kwenda, alishinda kutwa akinung’unika kwamba mwanawe amenyimwa kisu.

Tangu hapo niko mikononi mwa citoyenne Georgette, anayetufanyisha mazoezi. Ananifunga mguu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ananiambia vuta. Nikilia, anasema machozi hayanenepeshi paja. Goti bado hunitoroka, lakini si kila siku, na ngazi za shule nazipanda bila kushika ukuta.

Jumapili iliyopita wazazi wa Firmin wakaja. Mama alikuwa amepanga Julie wa jirani atoe maji, mimi nijifanye nimekwama na sufuria. Nilichukua sinia mwenyewe. Nilisimama mbele ya Papa Barnabé na Mama Gertrude, nikasimama tu. Firmin alikuwa akitazama viatu vyake. Nikasema kwamba siwadharau. Kamba ya goti langu imekatika, labda nitapiga magoti tena, labda hapana, sijui bado, na hata waganga hawajui, ndilo tunalolitafuta pamoja. Mama Gertrude aliyapokea maji, akayanywa yote polepole. Kisha akasema kwamba muke ya mutoto yake kule Kambove anapiga magoti muzuri sana, lakini anasimamaka na matusi mu kinywa. Akaniambia nikae. Ndoa ni Agosti, Yaya. Uje.

Sasa neno ambalo Mama halijui, nawe usimwambie. Siku ile ya kura, kabla muuguzi hajaandika majina yetu, Zéphirin aliniegemea. Aliniomba tubadilishane karatasi: “Weye unataka kisu, minye niko na woga ya kisu, Mungu alichanganya tu.” Ilikuwa kweli. Nilikitaka kisu kwa roho yote, kwa kuwa nguo iliyoshonwa ina nguvu kuliko iliyoachwa imechanika, ndivyo nilivyofikiri. Niliipokea karatasi yake. Niliishika. Hakuna aliyetuona. Hapo nikawaona akilini wanafunzi wangu wa mwaka wa nne, ambao kila juma nawasimamisha ukutani kwa kunakili jibu la jirani. Sisi wawili tungenakiliana, na msichana atakayeanguka baada yangu angepewa jibu la uongo. Nikamrudishia, nikamwambia yuko huru kutoka kama anaogopa. Alinitazama sana, akasema Mademoiselle ni mkali hata benchini. Lakini hakutoka. Ameshonwa, sasa anatembea kwa fimbo moja, na tunataniana nani atapona kwanza.

Kwa hiyo si bahasha iliyoninyima kisu. Ni mkono wangu. Sitajua kamwe kisu kingenipa nini, na kuna siku jambo hilo linaniuma kuliko goti. Mama alisali vema kuliko alivyojua, ila majaribu yalikuwa pale benchini.

Leo asubuhi, kwenye misa, nilishuka kwa magoti yote mawili. Niliinuka nikivuta benchi la mbele, lakini niliinuka. Na tulipofika katika Baba Yetu, kwenye neno lile la majaribu, Mama alinifinya mkono kwa nguvu, akiangalia mbele kama mtu asiye na habari.

Wabusu watoto. Baba anasema Shemeji asisahau ule msumeno wake.

Mdogo wako akupendaye,

Ngoie kwenye karatasi za serikali, lakini nyumbani bado ni Élise