Habari za Meza Tu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mkono unazidi kupata nguvu. Daktari alikuambia uufinye ule mpira mdogo kila asubuhi. Je, unaufinya, au umeuweka juu ya kabati pamoja na mambo mengine yote uliyowahi kushauriwa? Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakusalimu sana na anasema kikohozi kimemwacha. Mimi pia sijambo, isipokuwa ule udadisi wangu ambao wewe mwenyewe ulisema nitazikwa nao.

Nakumbuka ulivyoniambia kwenye simu, kwamba nikikutajia habari za Baba utakata. Nikakutajia, ukakata. Nikapiga tena, ukakata kabla sijamaliza kukuamkia. Ndiyo maana naandika, kwa sababu barua haina pa kukatia. Lakini mimi ni mtoto mtiifu. Kama hutaki habari za Baba, basi sikuandikii habari za Baba. Nakuandikia habari za meza tu, na akipitapita karibu na hiyo meza si kosa langu, nyumba yetu ni ndogo.

Ila kwanza niseme neno moja, usije ukadhani nimehamia upande wa pili. Siku ile mkono wako wa kulia uliovunjika ulikuwa kwenye plasta ngumu, ukapika kwa mkono mmoja, na yeye akakaa, akachungulia sahani, akauliza mbona leo vitunguu vimekatwa vikubwa hivi. Ningekuwa mimi ningemmwagia mchuzi. Wewe ulimwambia tu afungashe aende kwa binti yake na asirudi mpaka utakapomwita. Hujamwita. Alipofika kwetu alisema amekuja kutusalimu. Tukajifanya hatujui lolote, naye akajifanya hajui kwamba tunajua, na tangu hapo simu ikilia ananyoosha shingo kutazama ni nani. Hayo yanatosha kuhusu yeye.

Sasa meza. Unaikumbuka ile ya katikati ya jikoni, yenye makabati chini, ambayo mkwe wako anaiita kisiwa kwa sababu ndivyo walivyoiita dukani. Juu yake palikuwa na ubao wa unga wa mbao uliobandikwa karatasi ya kung'aa. Maji yaliingia kidogo kidogo mpaka ukavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nikasema safari hii nataka mti wa kweli, ule ubao mnene wa vipande virefu vilivyogandishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, ambao mtu anakatia nyama na mboga juu yake bila hofu, kama gogo la bucha lakini uliosuguliwa ukawa laini. Tukampata fundi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Kesho. Mpigie simu mara moja tu utajua sababu.

Ajabu ya kwanza ni kwamba alipouleta ubao wenyewe, akakataa kuufunga. Alisema lazima kwanza ulale ndani ya nyumba, uzoee hewa yetu, ndipo aukate na kuuweka. Nikadhani ni kesho zake zilezile, kumbe ndivyo kazi ilivyo. Basi ubao ukalala sebuleni juu ya vijiti, nasi tukawa tunauruka kwenda kulala na kuuruka kwenda kazini. Baba alikuwa akiuzunguka, mikono nyuma, vile alivyokuwa akizunguka mizani za wafanyabiashara sokoni alipokuwa mkaguzi wa vipimo. Amestaafu yeye, macho hayajastaafu. Alimuuliza fundi kwa nini anapaka mafuta hata upande wa chini ambao hakuna atakayeuona. Fundi akamjibu kwamba ukipaka juu peke yake, chini kutakunywa unyevu, na ubao utajikunja. Baba akaguna. Unalijua guno lake lile la kutokubali na kutokataa.

Siku ya kufunga nilibaki nyumbani makusudi, maana kazi ya mtu mwingine ni tamu kuitazama. Fundi aliweka pimamaji juu ya makabati, akakuta sakafu yetu imelala upande mmoja, akasokomeza vijibao vyembamba chini mpaka kila kitu kikasimama sawa. Kisha akalaza ubao, akaingia ndani ya kabati miguu nje, akaushikiza kwa vyuma vya pembe. Vile vyuma vina matundu marefu, na skrubu anaiweka katikati ya tundu bila kuikaza hadi mwisho. Baba alisubiri fundi aende kunawa, akainama, akazigusa skrubu moja moja kwa kidole. Zilikuwa zinacheza. Akanitazama kana kwamba tumeibiwa.

Alimwambia fundi usoni kwamba skrubu inayocheza, kwenye mizani, ni skrubu ya mwizi. Fundi akacheka, akasema mti hautulii hata ukishakuwa meza. Mvua ikinyesha unapanuka, jua likiwaka unasinyaa, na usipouachia nafasi utajitafutia wenyewe. Akatuapia kwamba vitukuu wetu watagombania urithi wa meza ile, akanywa chai vikombe viwili na kwenda zake. Majisifu anayo, lakini meza ilikuwa nzuri, Mama. Nilikuwa naipitishia kiganja kila nikipita.

Mvua zilipoanza, tukiwa tunakula, tukasikia mlio kutoka jikoni kama mtu aliyeangusha kiti. Tukakimbia. Ubao ulikuwa umeinuka katikati, na ufa umeanzia upande wa dirishani, umefuata maungio ya vipande viwili. Nikalia, sikufichi. Fundi nilipompigia alianza kusema kesho, lakini aliposikia neno ufa alifika siku hiyohiyo, maana jina lake lilikuwa hatarini. Akaingia kabatini na tochi. Alipotoka, akauliza kwa upole ni nani aliyegusa kazi yake. Skrubu zote zilikuwa zimekazwa kufa na kupona, na juu ya hizo zilikuwepo nyingine asizozijua yeye, zilizopitishwa moja kwa moja hadi kwenye mti.

Mimi nikamtazama mume wangu, mume wangu akanitazama mimi. Baba akakohoa na kusema ni yeye.

Hebu niambie, Mama, wewe uliyeishi naye miaka yote hiyo, umewahi kumsikia akisema ni yeye? Mimi sijawahi. Chumvi ikizidi ni mpishi, mlango ukibamizwa ni upepo. Fundi alitia gundi kwenye ufa, akaubana kwa jiliwa, baadaye akapiga msasa na kupaka mafuta upya, na muda wote huo Baba alimshikia tochi bila kutoa maoni yoyote. Hapo ndipo udadisi wangu ulipoamka. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Na kweli palikuwa na mambo. Kwanza vitunguu vikawa vinaisha. Nilinunua mfuko mzima, nikageuka, mfuko umelegea. Nilipomuuliza Baba akasema vitunguu vya siku hizi vinaoza upesi. Pili, jioni nikirudi kutoka kazini namkuta macho mekundu. Nikamwambia mkwe wako kwamba mzee analia mchana tukiwa hatupo, anakulilia wewe. Mkwe wako akasema mzee aachwe na machozi yake, mtu mzima hafutwi uso. Siku hizi sijui tena ni machozi gani yalikuwa ya kitunguu na yapi hayakuwa.

La tatu ndilo lililoninyima raha. Kwenye meza yangu, upande wa dirishani, nikaona alama za kisu. Alama za kisu si ajabu, ndiyo kazi ya ubao ule. Ila hizi zilikuwa za juujuu, zimelala upande usio wa kawaida, nyingine zimekwenda zigizaga kama za mtu aliyekuwa anakimbiza kitu. Mimi nakata namna yangu, mume wangu namna yake, na hakuna kati yetu anayekata vile. Nikamshutumu mume wangu kwa sababu alikuwa karibu. Akaapa hajui. Nikafukua hadi shimo la taka nyuma ya nyumba, usicheke, na nikakuta maganda ya vitunguu yamefunikwa kwa majani makavu, yamefichwa kabisa.

Wiki iliyopita umeme ulikatika kazini wakaturuhusu mapema. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, kama mwizi katika nyumba yangu mwenyewe. Baba alikuwa amesimama mbele ya meza. Mkono wake wa kulia ameufunga kifuani kwa mtandio wangu, amekaza fundo kwa meno maana lilikuwa limelowa mate. Mkono wa kushoto ulikuwa na kisu. Kitunguu kilikuwa kinamkimbia. Akikigusa kinabingirika, akikizuia kwa kiwiko kinachomoka, akikiegemeza kwa tumbo hakikatiki. Na katikati ya ubao wangu mpya, Mama, alikuwa ameweka kibao kidogo alichokipigilia msumari kutoka chini, ncha juu, ili akichome kitunguu kitulie. Pembeni palikuwa na rula. Alikuwa anapima vipande.

Nilidhani nimekasirika kwa ajili ya meza, lakini hasira sikuiona nilipoitafuta. Nikamuuliza anafanya nini. Hakushtuka, alichoka tu. Akaniambia kwamba tangu siku ile ulipomfukuza alikuwa akijisemea kwamba mke wake amekuza jambo dogo, kwa sababu kitunguu ni kitunguu na mkono mmoja ni mkono. Alitaka kuhakikisha. Ndiyo desturi yake, hasemi kitu mpaka akipime. Basi akawa anapima kila mchana tukishatoka. Akanionyesha vipande vyake vilivyokuwa kwenye bakuli. Mama, vilikuwa kama vya kulishia ng'ombe. Akasema vyako siku ile, hata kile kikubwa kuliko vyote, hakikufikia nusu ya hiki chake kidogo, na anakumbuka vizuri kwa sababu alivitazama sana. Kisha akaugusa ule msumari kwa kidole, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye amepiga msumari na bado ameshindwa, na wewe msumari hukuwa nao.

Akakaa kwenye kiti na mkono umefungwa vilevile. Nikamfungua fundo. Akaniuliza kama najua ulikishikaje kile kitunguu. Nikasema sijui, sikuwepo. Akasema naye hajui, na yeye alikuwepo, alikuwa chumba cha pili na gazeti, mlango wazi. Mama, mimi nimemjua Baba maisha yangu yote, na siku hiyo ndipo nilipomwonea huruma kwa mara ya kwanza. Nimekuandikia hivyo ilivyo, usinielewe vibaya. Aliyekosa ni yeye. Niko upande wako mpaka sasa, na ukiamua abaki kwetu, chumba ni chake na jiko ni lake.

Sasa kuna jambo nililolificha tangu mstari wa kwanza, na najua umeshaanza kulishuku, kwa sababu bahasha haina stempu, na aliyekugongea mlango ni jirani yako mshonaji badala ya mtu wa posta. Barua hii imeletwa na Baba. Hajui nilichoandika ndani, nami nimemwapisha asiifungue. Hivi unavyosoma, yuko kibarazani kwa mshonaji na kile kibegi chake, na amekatazwa kusogea hatua moja hadi umalize. Hakuja kuomba msamaha. Alisema msamaha ni juu yako na yeye hana haki ya kuudai. Amekuja kukuuliza ulikishikaje kile kitunguu. Ukikunja barua ukanyamaza, atarudi na basi la jioni, tumeshakubaliana, na hatakununia. Ukitaka kumjibu, mwite.

Mkwe wako anasema salamu zake zifike kabla ya za kwangu, nami nasema zikae pamoja humuhumu. Msalimie mshonaji na umwombe radhi kwa usumbufu. Ufinye huo mpira.

Na neno la mwisho, Mama. Ametoka huku alfajiri na njiani huwa hali kitu, unamjua. Atakuwa na njaa. Usimpikie.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kitinda mimba wako