Jike si Mke

Nyumba ya mabanda ya kuku,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumanne, kuku wameshakula.

Mpendwa mtoto wa ndugu yangu,

Nina miaka themanini na mmoja. Nimezika wake wawili, nimemzika baba yako aliyekuwa mdogo wangu, na nimemzika daktari aliyeniambia sitamaliza mwaka. Ugonjwa wa kideri umefagia kuku wa mtaa mzima, wangu wakabaki. Kwa hiyo neno likitoka kwangu, keti chini ulisome.

U mzima? Kifua kimepoa? Mimi goti hunisumbua asubuhi tu. Kuandika nimejifunza ukubwani, usinihesabie makosa. Msomi ni wewe, na tazama usomi ulikokufikisha.

Mkeo amefika hapa Ijumaa na binti zako wanne. Kaeleza ulivyomtoa nyumbani: eti hazai wa kiume, na eti mimi, baba yako mkubwa, ndiye niliyesema jike ndilo linaloamua.

Nilisema, ndiyo. Ulikuwa umesimama bandani kwangu. Nina jogoo mwekundu na matetea ya madoadoa, vifaranga vyao hutoka vyeusi. Chenye doa jeupe utosini ni jogoo, kisicho nalo ni jike, kwa sababu tetea doa lake humpa mwanawe wa kiume peke yake. Mtaa huu hakuna mwingine anayevitenga siku ya kwanza bila kukosea. Ndipo nikakwambia jike ndilo linaloamua. Jike, mwanangu! Jike ni la kuku. Mke ni wa mtu. Shuleni ulikwenda kulinda madawati?

Jumamosi akaja daktari wa mifugo kuchanja. Mkeo alikuwa anamshikia kuku, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Na kwa watu, daktari?"

"Kwa watu ni kinyume, dada. Baba ndiye anayeamua. Mama ana aina moja tu ya kutoa."

Mkeo akamwachia kuku, kuku akaruka hadi juu ya paa. Nimemfukuza mimi, na goti hili.

Hizo aina za kutoa daktari anaziita kromosomu, neno refu kama kamba ya kisima. Kwa kuku, mwenye mbili zisizofanana ni tetea. Kwa watu ni sisi wanaume. Anasema zamani sana hizo mbili zililingana kama jozi ya viatu, kisha hii inayoleta wanaume ikawa inapoteza vipande, vizazi na vizazi, mpaka imebaki kigutu. Kigutu! Hicho ndicho unachokitunishia kifua. Na hata hicho hujafanikiwa kukitoa. Mara nne umeulizwa, mara nne umejibu "binti", halafu unamfukuza aliyelipokea jibu.

Daktari kasema si kosa la mtu, ni bahati, kama kurusha sarafu. Yeye ni mpole. Mimi sikulelewa hivyo.

Shangazi yako ananiambia umeshapeleka posa kwingine. Peleka. Naye akizaa mabinti utamfukuza aje hapa. Vyumba ninavyo.

Lakini sikiliza. Mabanda haya ulikuwa unayahesabu kuwa yako nikifa. Njoo mwenyewe, usitume mtu, uombe radhi mlangoni, binti zako wakisikia. Usipokuja kabla vifaranga hivi havijaota manyoya, mabanda ni ya binti yako mkubwa. Ameanza kuvitenga kwa doa. Jana alikosea kimoja, nikamgombeza, leo hakukosea. Ana kichwa. Hakukipata kwako.

Shangazi yako anakusalimu, ingawa nimemkataza. Fundi baiskeli naye anakusalimu, anauliza kama bado hujui kuziba pancha. Mungu akupe akili kwanza, mtoto wa kiume baadaye.

Ukisema mzee anaota, muulize daktari wa mifugo. Muulize fundi baiskeli, alikuwa uani siku ile ya kuchanja, ngazi ya kupandia paa ni yake. Na muulize mkeo. Nimemsomea barua hii yote, akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Sikuona kama alicheka kwa kukukumbuka.

Wako akupendaye kwa shida,
Baba Mkubwa