Turbo Usiitume

Mdogo wangu,

Orodha yako ya tatu ya vipuri imefika. Mara turbo, mara kemshafti, mara ekzosi pana. Hebu nihurumie, fundi ni mimi peke yangu, na mgongo wenyewe ndio huu.

Gari lako la mashindano ya wikendi halijambo. Nimebadilisha pedi za breki na kuongeza kipoza oili, maana injini ile ikizungushwa uwanjani huuawa na joto, si uhaba wa nguvu. Yatosha.

Baba anakula vizuri. Jina langu limemtoka tangu mwezi jana. Ananiita "fundi," nami naitika, kwani amekosea nini? Ila kila Jumamosi nikiliwasha gari lako lipate moto, hutoka mlangoni viatu vimeshafungwa, uso umemchangamka. "Kitinda mimba wangu huyo amefika!" Huketi kwenye kiti cha abiria, akakungoja mpaka nizime.

Turbo itaubadilisha ule mlio. Ekzosi vilevile. Basi usitume kitu. Ukitaka injini iongezwe nguvu, njoo uiongeze mwenyewe, Baba akiwa bado anaijua sauti yake.

Ni mimi kaka yako, fundi.