Mchicha wa Great Barr

Mama yangu,

Salamu kutoka Birmingham, kwenye mvua isiyojua kukatika. Jumamosi Dada alinipeleka Great Barr, kwa Mama Furaha, Mkongo wa kanisani kwao anayelima mboga. Mama, watu wanatoka mjini na kukata tiketi ili wachume wenyewe, wapikiwe, wasimuliwe mboga ilikotoka. Na mboga yenyewe ni mchicha! Ule ule unaoota bila kupandwa katikati ya mahindi yetu.

Nikasema nisaidie. Nikainama, nikang'oa mstari mzima na mizizi yake, kama tunavyopalilia huko nyumbani. Mama Furaha akapiga nduru: "Eh, maman! Unangoa chakula ya bageni!"

Mzee mmoja Mzungu akanionyesha jinsi ya kuchuma ncha kwa vidole viwili, polepole, kama anayemvua kofia mtoto aliyelala. Baadaye tuliula na ugali na mafuta ya mawese, nami nikapangusa sahani kwa tonge la mwisho.

Ile mboga nyuma ya jikoni niliyokuambia uifyeke kabla sijarudi, tafadhali usiiguse. Nitakuja na kikapu kama mgeni, unifundishe kuchuma.

Mungu aitunze mikono yako.

Mwanao,
Nekesa