Mtani Aliyekalishwa Juu ya Gunia

Ghala la Korosho,
Nachingwea.
28 Novemba 2004

Kwa shemeji yangu Bernardo, huko Nkowe.

Shemeji, nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Mgongo wako unaendeleaje? Dada yangu Lusiana kifua kimemwachia? Na wapwa zangu, bado wanamkumbuka mjomba wao? Mimi ni mzima, tena nimenenepa mpaka mkanda wa kazi nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Mvua imeanza kugusagusa, na korosho zinaingia ghalani kila siku, baiskeli moja nyuma ya nyingine.

Najua umepita mwaka mzima sijakuandikia. Tangu ulipofukuzwa kwa yale marobota matatu ya magunia mapya yaliyopotea, jina lako hapa limekuwa la kutajwa kwa mdomo wa pembeni. Mtu akipoteza hata kalamu, anaambiwa amuulize yule wa ng'ambo ya Ruvuma, yaani wewe. Barua hii inahusu jina lako. Kwa hiyo kaa chini uisome yote, usiruke hata pale ninapojisifu, maana bila sifa zangu hutaelewa kitu.

Mwezi wa tisa Meneja Bashiri alitukusanya wote, walinzi, wapagazi, akina mama wanaochagua korosho, mpaka mpika chai. Akasema msimu huu likipotea gunia moja tu, walinzi wote nyumbani, na yeye ataleta kampuni ya Dar es Salaam yenye mbwa. Halafu akamleta mwalimu, dada mmoja anaitwa Catherine, atufundishe siku mbili mambo ya usalama kazini. Huyo dada alitueleza kwamba usalama si wa mwenye rungu peke yake, ni tabia ya ghala zima, na mpika chai ana macho sawa na mlinzi. Mwisho akaomba kila mtu ataje kosa alilowahi kufanya au kuliona. Shemeji, kila mtu alihesabu nzi kwenye kikombe chake, kosa halikutajwa hata moja.

Kabla ya kuondoka akamwambia meneja achague mmoja wetu aendeleze mafunzo kila Jumatatu. Meneja akanitazama mimi kiongozi wa walinzi. Angemtazama nani mwingine? Darasa langu la tano ni la zamani, lile la kuandika kwa kalamu ya wino. Nikamweleza huyo mwalimu historia yangu kwa kifupi, mgambo miaka minne, na tembo wa Nandagala niliyemrudisha kwa filimbi mwaka tisini na nne, akarudi kinyumenyume akikanyaga nyayo zake mwenyewe. Dada Catherine akauliza kama ni kweli. Obadia, mlinzi mwenzetu unayemjua kwa mdomo wake, akamjibu kwamba mwaka jana tembo walikuwa wawili, mmoja lazima amekufa kwa uzee.

Basi nikafundisha. Wiki tatu nilipigisha watu kwata. Akina mama walitembea mguu sawa na nyungo zao kichwani, wapagazi walipiga saluti mpaka kofia zikaanguka, na filimbi yangu ilisikika sokoni. Nilijua ghala limeiva. Alhamisi moja nikapita nyuma, nikakuta kufuli la mlango wa uani linaning'inia wazi. Nikauliza nani kaliacha hivyo. Kila mtu hajui.

Jioni yake Mwanawetu, yule msimamizi wa akina mama, akanivuta pembeni. Akaniambia kufuli lile lilikuwa wazi tangu Jumanne, na walioliona ni watu sita, yeye mmojawapo. Akasema, kaka Severini, saluti tumejifunza, lakini sote tulimwona Bernardo akitolewa getini na begi lake huku watu wanatazama. Nani atasema kufuli liko wazi, ili aulizwe yeye kule nyuma alifuata nini? Nikaivua filimbi shingoni, nikaitia mfukoni. Unanijua, mimi kuvua filimbi ni habari ya kutangazwa redioni.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele yao bila filimbi, nikawaeleza jambo langu moja. Jambo lenyewe nitakueleza huku chini, nivumilie. Nilisema maneno machache, nadhani ni mara ya kwanza tangu nizaliwe. Kisha mpagazi mmoja akasema Jumamosi alisahau funguo mlangoni akazifuata kesho yake. Mpika chai akasema binamu zake wote huingia ghalani kwa kupitia jikoni kwake. Mwanawetu akataja kufuli. Tuliendelea mpaka saa sita, na meneja amekaa anasikiliza, hakumwadhibu mtu, kwa sababu Catherine alishamwomba asimwadhibu anayejisema mwenyewe. Hapo ndipo tulipopata sheria zetu, na kubwa ni hii, kwamba utani unaishia getini. Unajua huku kwetu, shemeji. Mtani akija anakuita mtumwa wake, anakuvua kofia anaondoka nayo, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Tukakubaliana mtani achekewe, atukanwe vizuri, lakini kitabu cha wageni asaini.

Wiki mbili zilizopita meneja akatutega. Bila kumwambia mtu, alimwomba rafiki yake Agapiti, Mngoni, mtani wetu, mwalimu wa shule kule Ruangwa, aje ajaribu kuingia ghalani. Akafika saa nne asubuhi amevaa suti. Akamwambia Obadia getini afungue, mtumwa we, bwana wako amekuja kuchukua korosho zake. Obadia akacheka mpaka akashika nguzo ya geti, akamuuliza kama babu zake bado wanakimbia vita vya kwao kusini, au walishapumzika. Geti hakufungua. Akampa kitabu na kalamu. Agapiti akasema yeye ni shemeji wa meneja, ana haraka. Obadia akamjibu kwamba shemeji wa meneja tunao wanne, na wote wamesaini.

Mngoni wa watu akazunguka nyuma, nje ya mlango wa uani wanapochagulia akina mama, akasema yeye ni fundi wa mizani kaitwa haraka. Mwanawetu akamuuliza kaitwa na nani, na vifaa viko wapi. Akaanza kubabaika. Wakamkalisha juu ya gunia katikati yao, wakampa chai na muhogo, wakamsifia suti, na kila akitaka kuinuka anaongezewa chai. Mmoja wao alishakwenda kumwita meneja. Meneja alipokuja mbio akitokea nje, Obadia akamsimamisha naye asaini. Akasaini. Kampuni ya mbwa haiji tena. Mtu wa Ruangwa akikwambia ghala la Nachingwea linalindwa na wanawake wenye nyungo, mwambie mwalimu wao ni mimi.

Sasa jambo lenyewe.

Siku ile ya mwaka jana uliniomba nikushikie geti mchana, kwa muda wa saa moja tu, ukamwangalie Lusiana alivyozidiwa kifua. Uliporudi ukaniuliza kama kuna mtu kaja. Nikakujibu hajapita hata kuku. Alipita mtu, Bernardo. Alikuja Mngoni mwingine, si huyu Agapiti, na pikapu, akaniita mtumwa, nikacheka, nikamtukana, akanitukana. Akasema katumwa kupeleka magunia Ruangwa, kule yamekwisha. Nikafungua bila karatasi wala kitabu. Robota la tatu lilikuwa zito, nikamsaidia kulipakia. Wizi ulipojulikana, zamu ilikuwa yako kwenye daftari, na wewe ukiulizwa hukunitaja, kwa kuwa uliniamini niliposema hajapita mtu. Nikakutazama ukitoka na begi. Nilinyamaza kwa kuhofia kupoteza cheo changu, sina sababu nyingine.

Hayo ndiyo niliyowaambia Jumatatu ile. Meneja aliniita ofisini nikarudia yote, akaandika. Juzi akasoma mbele ya wafanyakazi wote kwamba Bernardo hakuiba, alionewa. Barua yako yenye muhuri nimeiweka humu ndani. Unarudi kazini mwezi ujao, na ukirudi wewe ndiye kiongozi wa walinzi. Mimi nimebaki mlinzi wa kawaida. Waliposikia nimeshushwa walinipigia makofi, na katika ghala hili hakuna aliyewahi kushushwa cheo akashangiliwa kama mimi. Sijui walishangilia nini hasa, sikuuliza.

Lusiana sijamwandikia. Akili yangu inaniambia nimweleze nikiwa mbele yake. Kwa hiyo Jumapili ijayo nitakuja Nkowe kwa baiskeli, nitapiga hodi uani kwenu. Mkinyamaza nitajua, sitapiga mara ya pili, nitageuza. Jumapili inayofuata nitakuja tena, na ile ya baada yake. Njia ni ndefu, lakini tairi zangu ni mpya.

Wabusu wapwa zangu. Mwanawetu na Obadia wanakusalimu sana, wanasema kiti chako cha chai wamekipangusa.

Ni mimi shemeji yako niliyekukosea,
Severini