Mkate wa Kezia na beti za mchungaji

Magige, nimetoka kwa bibi Nyangi sasa hivi, mbavu zinauma kwa kucheka!

Kanisimulia Krismasi ya 1956, Kenyamonta. Shule mbali, simba njiani, kwa hiyo mama yake, Kezia, aliwafundisha wanawe nyumbani. Siku hiyo somo lilikuwa saa. Na saa hawana! Akawaambia, "Imbeni wimbo wa Krismasi mara tano, kisha tunaepua mkate."

Kezia alikuwa amemuuza jogoo wake wa pekee ili apate unga wa ngano. Alitaka mchungaji wa kanisa lao aje aone wanawe nao wanasoma.

Wakaimba, makaa chini, makaa juu ya kifuniko cha sufuria. Mchungaji huyo anaingia! Akafumba macho, akaimba nao. Watoto wakamaliza, yeye akaongeza ubeti.

Kezia akasikia harufu ya kuungua. Utamkatizaje mchungaji? Akasema "Amina!" kwa nguvu ili aishie hapo. Mzee akaona kabarikiwa, akaongeza mwingine. Magige, MWINGINE!

Kufunua: mweusi tii.

Mchungaji akawageukia watoto. "Haya, leo mmejifunza nini?"

Nyangi akajibu, "Mkate unaiva kwa mara tano, mchungaji. Ukiongeza beti, unaungua."

Mzee aliutafuna wote, na ganda lake. Hakuongeza hata ubeti mmoja.